Kwa nini barua-pepe hufika zikiwa zimevurugika, na jinsi ya kulitafuta kosa kwenye seva

MMILIKI wa nyumba ya wageni katika ufuo wa Shelly Beach, Likoni, amwandikiapo mteja aliye Ujerumani au Oman, hutarajia maneno yake yasomwe kama alivyoyaandika. Aghalabu husomwa hivyo. Hata hivyo, kuna siku ambapo mteja hufungua barua-pepe akakuta maelezo ya kuvuka feri hadi "ng'ambo" yameandikwa "ng’ambo", bei ya "€80" kwa usiku imekuwa "€80", na orodha ya vyumba iliyopangwa kwa safu nadhifu imeporomoka ikawa aya moja isiyo mbele wala nyuma.

Hapo ndipo lawama huanza. Mteja hudhani kwamba aliyemwandikia si makini. Aliyeandika hudhani kwamba mtandao umezila herufi zake. Msimamizi wa seva naye huagizwa aizime mashine na kuiwasha upya, jambo ambalo halibadilishi lolote.

Ukweli ni kwamba, mara nyingi, hakuna herufi iliyoliwa. Barua imefika ikiwa kamili, ila imesomwa kwa kanuni isiyo yake. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya anayetaka kulitatua tatizo hili ni kutafuta mahali ambapo maelezo ya jinsi ya kuisoma barua hiyo yalipotea au yalibadilishwa njiani. Anayekimbilia kuiandika barua upya atafanya hivyo leo, kesho na mtondo.

Kwa biashara ndogo za ufuoni, jambo hili si la urembo. Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na machafuko yaliyofuata yaliwatorosha watalii wengi kutoka Pwani. Wenye nyumba za wageni walijifunza wakati huo jinsi imani ya mteja inavyovunjika upesi na inavyochukua muda kurejea. Siku hizi, barua-pepe ndiyo hati ya makubaliano: ndani yake mna jina la mgeni kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuwasili, idadi ya vitanda, bei na aina ya sarafu. Ikiwa alama ya sarafu imevurugika, mteja anaweza kudai kwamba alidhani bei ilikuwa ya dola, na mwenye nyumba hana pa kumshikia.

Yapo pia matumaini yasiyo na msingi kwamba kasi ya mtandao ndiyo dawa. Kabla ya mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na ulimwengu kupitia intaneti. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka huo, kasi iliongezeka sana. Lakini barua iliyovurugika ikipita kwenye waya wa kasi hufika mapema zaidi ikiwa imevurugika vilevile.

SHEHENA NA LEBO YAKE

Tarakilishi haitambui herufi. Inatambua nambari pekee. Kila herufi tunayoiona kwenye kioo imehifadhiwa ndani ikiwa nambari moja au zaidi, na kila nambari hukaa katika chumba kidogo kiitwacho baiti. Ili watu wawili waelewane, ni lazima mashine zao zikubaliane kuhusu nambari gani inasimamia herufi gani. Makubaliano hayo huitwa usimbaji.

Mfano ulio karibu nasi ni bandari ya Kilindini. Kasha linaweza kushushwa kutoka melini likiwa zima, bidhaa zote zimo. Lakini ikiwa lebo yake imesema ndani mna mchele ilhali mna saruji, anayelipokea atalipeleka kwenye ghala lisilo lake. Shehena haikuharibika. Lebo ndiyo iliyodanganya.

Usimbaji wa kale uliotumiwa na barua-pepe ni ASCII, uliochapishwa Marekani mwaka 1963. Una nafasi 128 tu: herufi za Kiingereza, tarakimu, alama za uakifishaji na amri chache za mitambo. Wataliano, Wajerumani, Waarabu na Wachina hawakupata nafasi humo.

Kiswahili kilibahatika. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia maandishi yake ya herufi za Kilatini zisizo na nukta wala mikia juu yake. Herufi hizo zote zimo katika ASCII. Ndiyo maana maandishi ya Kiswahili yaliweza kupita katika mitambo iliyoundwa kwa ajili ya Kiingereza pasi na taabu.

Lipo jambo moja tu linalotutia mashakani, nalo ni ritifaa. Sauti inayoanza neno "ng'ombe" huandikwa kwa ritifaa, na ritifaa hiyo ina kazi. Ukiiondoa katika "ng'oa", yaani kutoa kitu kilichoshikilia ardhini, unabaki na "ngoa", neno linalohusu matamanio na wivu. Ritifaa nyoofu, ile iliyo kwenye kibodi, imo katika ASCII. Lakini programu za kuandikia kama vile Microsoft Word huigeuza zenyewe ikawa ritifaa iliyopinda, kwa kuwa huonekana nzuri zaidi katika machapisho. Ritifaa hiyo iliyopinda haimo katika ASCII.

Katika usimbaji wa Windows-1252, ambao ulienea katika mashine za Windows za nchi za Magharibi na kwetu pia, ritifaa iliyopinda ni nambari moja: 146. Katika UTF-8, usimbaji unaotumika zaidi duniani leo, ni nambari tatu zinazofuatana: 226, 128 na 153. Mashine ikizipokea nambari hizo tatu huku imeambiwa kwamba huu ni usimbaji wa Windows-1252, itazisoma kama herufi tatu tofauti: â, kisha €, kisha ™. Huo ndio uchawi wote ulio nyuma ya "ng’ambo".

ASILI YA LEBO

Ray Tomlinson alituma barua-pepe ya kwanza kati ya mashine mbili zilizounganishwa na mtandao mwaka 1971. Kanuni zilizochapishwa mwaka 1982 kuongoza usafirishaji wa barua hizo zilitambua ASCII pekee. Hapakuwa na haja ya lebo kwa sababu shehena ilikuwa ya aina moja.

Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed waliandika kanuni mpya ziitwazo MIME. Hizo ndizo zilizoiwezesha barua kubeba picha, sauti na herufi za lugha yoyote. Mwaka huohuo, Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, ambao unaweza kuandika herufi zote za Yunikodi na bado ukaelewana na ASCII.

MIME iliongeza mistari michache katika kichwa cha barua, yaani ile sehemu ya maelezo inayotangulia maneno yenyewe. Miwili ndiyo muhimu kwetu. Wa kwanza huanza kwa "Content-Type" na hutaja usimbaji uliotumika, kwa mfano "charset=utf-8". Huo ndio lebo. Wa pili huanza kwa "Content-Transfer-Encoding" na hueleza jinsi maneno yalivyofungwa kwa ajili ya safari.

Ufungaji huo ulihitajika kwa sababu seva nyingi za zamani hazikuruhusu kupita kwa nambari iliyozidi 127. Kwa hivyo, kila nambari kubwa hugeuzwa ikawa maandishi ya kawaida. Mtindo mmoja, unaoitwa quoted-printable, huandika alama ya "=" ikifuatwa na tarakimu au herufi mbili, na hukata mistari isizidi herufi 76. Mtindo mwingine, base64, hugeuza barua nzima ikawa mfululizo wa herufi zisizosomeka na mtu, na huiongezea uzito kwa takriban thuluthi moja. Programu ya mpokeaji hutakiwa kuufungua mzigo kabla ya kumwonyesha msomaji.

Kwa muhtasari, basi, barua huweza kuvurugika kwa njia tatu: lebo ikisema uongo, mzigo ukikosa kufunguliwa, au mtu wa kati akiuchokora njiani.

DALILI ZA KUANGALIA

Kama tabibu anavyosoma dalili kabla ya kutoa dawa, msimamizi wa seva anaweza kulitambua kosa kwa kutazama vurugu yenyewe.

Dalili ya kwanza ni herufi kama Ã, Â au â mahali ambapo palistahili kuwa na alama moja. Jina la Kijerumani "Müller" huwa "Müller". Neno la Kiarabu linaloanza kwa "ال" huanza kwa "ال". Hii ina maana kwamba barua iliandikwa kwa UTF-8 lakini imesomwa kwa Windows-1252. Nambari zote zimo na barua inaweza kuponywa. Ikiwa vurugu imekuwa ndefu zaidi, mathalani "Müller", kosa limerudiwa mara mbili: barua iliyosomwa vibaya imehifadhiwa ilivyo na kutumwa tena. Ndiyo sababu mazungumzo ya kujibizana huzidi kuchafuka kwa kila jibu.

Dalili ya pili ni umbo la almasi nyeusi lenye kiulizi ndani yake. Hili ni kinyume cha la kwanza: barua ya Windows-1252 imesomwa kwa UTF-8, na programu imekutana na nambari isiyo na maana kwake. Barua asili bado huwa nzima, maadamu hakuna aliyeihifadhi upya ikiwa na almasi hizo.

Dalili ya tatu ni viulizi vitupu. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Jina "Wanjikũ" likifika "Wanjik?", maana yake ni kwamba mashine fulani ilijaribu kuligeuza liwe katika usimbaji usiokuwa na herufi ũ, ikashindwa, ikaweka kiulizi badala yake. Windows-1252 haina ũ wala ĩ za Kigĩkũyũ, wala herufi yoyote ya Kiarabu. Kiulizi kikishaandikwa, herufi ya awali imekwenda na haitarudi. Hapo hakuna la kufanya ila kumwomba mwandishi atume tena, baada ya kosa kurekebishwa.

Dalili ya nne ni alama za "=20", "=3D" au "=E2=80=99" zilizotapakaa katika maneno, pamoja na mistari inayomalizikia kwa "=". Hapa mzigo haukufunguliwa. Mstari unaoeleza jinsi ulivyofungwa umepotea, au umeandikwa vibaya. Katika mada ya barua, ndugu ya dalili hii ni maandishi yanayoanza kwa "=?UTF-8?".

Dalili ya tano ni alama ya mshangao inayojitokeza katikati ya neno, hasa katika barua zenye rangi na jedwali. Kanuni za barua-pepe haziruhusu mstari uzidi herufi 998. Programu duni zinazotengeneza barua za matangazo huandika barua nzima kwa mstari mmoja mrefu. Seva kama Sendmail huukata mstari huo na kuacha alama ya "!" pale ulipokatwa. Mkato ukiangukia katikati ya amri ya jedwali, safu za bei huporomoka.

Dalili ya sita ni kiambatisho kiitwacho winmail.dat, ambacho mpokeaji hashindwi tu kukifungua, bali pia hukuta kwamba mapambo yote ya barua na pengine picha zake zimo ndani yake. Hii hutokana na barua iliyotumwa kwa mtindo wa pekee wa Microsoft, kutoka Outlook au seva ya Exchange, kwenda kwa mtu asiyetumia programu hizo.

Ipo pia dalili adimu ya "M|ller" badala ya "Müller". Katika usimbaji wa kale wa Magharibi, ü ni nambari 252. Seva ya kizamani ikipunguza 128, hubaki 124, ambayo ni alama ya mstari wima. Ukiiona hiyo, jua kwamba mtambo mkongwe bado umo njiani.

UCHUNGUZI UANZE WAPI

Jambo la kwanza ni kuuliza maswali kabla ya kugusa chochote. Je, barua zote zimevurugika au za mtu mmoja tu? Je, wapokeaji wote wanaona vurugu hiyo, au ni yule anayetumia simu fulani? Kosa lilianza lini, na ni nini kilichobadilishwa siku hiyo? Ikiwa barua za mteja mmoja tu ndizo mbovu, seva yako haina hatia. Ikiwa barua zilezile husomeka vizuri katika Gmail lakini si katika programu ya ofisini, kosa liko ofisini.

Jambo la pili ni kuiona barua asili. Usitosheke na picha ya kioo iliyotumwa na mteja, wala barua iliyosambazwa, kwani kuisambaza huipa kichwa kipya. Gmail, Thunderbird na programu nyingine nyingi zina chaguo la kuonyesha barua ilivyopokelewa, pamoja na kichwa chake chote. Hifadhi nakala ya hiyo kabla ya kuendelea.

Katika nakala hiyo, tafuta ile mistari miwili tuliyoitaja. Linganisha kinachodaiwa na lebo na kilichomo. Ikiwa lebo inataja iso-8859-1 au Windows-1252 ilhali ndani mna "=E2=80=99", lebo hiyo inasema uongo. Ikiwa hakuna lebo kabisa, programu ya mpokeaji imelazimika kubahatisha, na kila programu hubahatisha kwa namna yake. Hii ndiyo sababu watu wawili husoma barua moja na kuona mambo mawili.

Jambo la tatu ni kuifuata njia. Kila seva inayoipokea barua hupiga muhuri wake, mstari unaoanza kwa "Received", juu ya mihuri iliyotangulia. Kwa hivyo mihuri husomwa kutoka chini kwenda juu: wa chini kabisa ndio wa mwanzo wa safari. Mihuri hiyo itakuonyesha kama barua ilipitia mashine ya kuchuja virusi, seva ya kampuni inayohifadhi tovuti yako, au kituo kingine ambacho hukujua kwamba kimo.

Jambo la nne ni jaribio. Andika sentensi moja yenye kila aina ya herufi inayoleta taabu, kama hii: "Ng’ombe wa ng'ambo, Wanjikũ, Müller, €80, سلام." Ina ritifaa ya aina zote mbili, herufi ya Kigĩkũyũ, ya Kijerumani, alama ya yuro na neno la Kiarabu. Itume kwa njia tatu: moja kwa moja kutoka kwenye seva, kupitia programu ya ofisini, na kupitia fomu ya maombi iliyo kwenye tovuti. Zote zielekee kwenye anwani moja iliyo nje ya seva yako. Njia itakayofikisha sentensi ikiwa safi umeiondolea shaka. Ile itakayoivuruga ndiyo ya kuchimbwa, kituo kwa kituo.

WATUHUMIWA WA KAWAIDA

Wa kwanza katika orodha ni fomu ya tovuti. Fomu nyingi za kuombea vyumba hutengeneza barua bila kuandika lebo, au hubandika lebo ya iso-8859-1 huku ukurasa wenyewe ukiwa wa UTF-8. Usimbaji huo wa iso-8859-1 ulisanifishwa mwaka 1987, miaka mingi kabla ya yuro kuanza kutumika mwaka 1999, na kwa hivyo hauna nafasi ya alama ya €. Fomu nyingine huacha mstari mtupu mapema mno. Kwa mujibu wa kanuni, mstari mtupu wa kwanza ndio mwisho wa kichwa. Kilichobaki, pamoja na lebo, huangukia kwenye mwili wa barua na mteja akakisoma kana kwamba ni maneno aliyoandikiwa.

Wa pili ni hifadhidata iliyo nyuma ya fomu hiyo. MySQL, inayotumiwa na tovuti nyingi ndogo, ilikuwa na usimbaji wa latin1 kama chaguo lake la kawaida hadi toleo la 8.0 la mwaka 2018. Tovuti iliyojengwa kabla ya hapo na kuhamishwa ilivyo inaweza kuyavuruga majina hata kabla hayajaingizwa katika barua. Ukiona kwamba jina limeharibika ndani ya hifadhidata, acha kuisumbua seva ya barua.

Wa tatu ni mashine inayoongeza maneno chini ya kila barua, yale ya "barua hii ni ya siri" au "imekaguliwa virusi". Mashine hiyo ikibandika maneno ya usimbaji mmoja kwenye barua ya usimbaji mwingine, sehemu moja ya barua itavurugika kwa vyovyote. Fauka ya hayo, kuongeza hata neno moja kwaweza kuivunja sahihi ya DKIM, utaratibu uliosanifishwa mwaka 2007 ili kuthibitisha kwamba barua haikubadilishwa njiani. Sahihi ikivunjika, seva ya mpokeaji inaweza kuitupa barua katika kapu la taka. Mteja hataona vurugu wala barua yenyewe.

Wa nne ni seva ya kati isiyokubali nambari zinazozidi 127. Seva mbili zinapokutana huelezana uwezo wao. Mojawapo ya maneno wanayoambiana ni "8BITMIME". Ikiwa seva inayofuata haikulitaja neno hilo, seva yako inapaswa kuifunga barua upya kwa quoted-printable au base64 kabla ya kuikabidhi. Ikiwa mipangilio yako inairuhusu kuirusha barua ilivyo, utakuwa umeitosa mtoni ukitumaini itaibuka upande wa pili.

TIBA NA TAHADHARI

Kanuni ya tiba ni moja: rekebisha chanzo kwanza, kisha njia, na mpokeaji awe wa mwisho. Usimwambie mteja abadilishe mipangilio ya tarakilishi yake ili aisome barua yako. Wateja wengine mia hawatakuwa na subira hiyo.

Kwenye chanzo, tumia UTF-8 kila mahali: katika ukurasa wa tovuti, katika hifadhidata, katika muunganisho kati ya hivyo viwili, na katika lebo ya barua. Usimbaji mmoja ukitumika kuanzia mwanzo hadi mwisho, nafasi ya kukosea huwa ndogo. Fomu ya tovuti isitengeneze barua kwa kuunganisha maneno ovyo. Itumie maktaba ya programu inayojua kanuni za MIME, ambayo itaandika lebo, itakata mistari mirefu na kuusimba mstari wa mada.

Orodha ya bei isipangwe kwa kubonyeza nafasi mara nyingi, kwa kuwa nafasi hizo hutegemea aina ya mwandiko wa mpokeaji. Tumia jedwali, na uambatanishe toleo la maandishi matupu ndani ya barua hiyohiyo, jambo ambalo MIME huliruhusu. Kwa bei, andika jina la sarafu kwa herufi: "yuro 80" au "EUR 80". Hata lebo ikipotea, kiasi hakitapotea.

Anayetumia Outlook achague kutuma kwa mtindo wa HTML au maandishi matupu, na msimamizi wa Exchange aizuie seva kutuma mtindo wake wa pekee kwa anwani za nje. Mashine inayoongeza maneno chini ya barua iwekwe kabla ya kituo kinachotia sahihi ya DKIM, wala si baada yake, au iondolewe kabisa.

Barua zilizokwisha kufika zikiwa na Ã na â zinaweza kuokolewa. Thunderbird, kwa mfano, ina amri ya kurekebisha usimbaji wa barua iliyo wazi. Kwa barua nyingi, msimamizi anaweza kurekebisha lebo katika nakala aliyohifadhi, kisha kuifungua upya. Asifanye hivyo kwenye barua asili, maana akikosea atakuwa amegeuza ugonjwa unaotibika ukawa kilema.

Tahadhari nyingine ni kuhusu siri za watu. Kwenye intaneti kuna kurasa nyingi zinazojitolea kusafisha maandishi yaliyovurugika ikiwa utayabandika humo. Barua ya mgeni ina jina lake, nambari ya pasipoti na tarehe ambazo nyumba yake itakuwa haina mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtwisha anayepokea taarifa kama hizo nchini Kenya jukumu la kuzilinda. Jaribu kwa sentensi ya majaribio, usijaribu kwa barua ya mteja.

Baada ya yote, sentensi ile ya majaribio isitupwe. Itume tena kila tovuti inapohamishwa, kila programu ya seva inaposasishwa na kila mashine mpya ya kuchuja virusi inapowekwa, kwani hizo ndizo nyakati ambazo lebo hupotea. Kazi hiyo huchukua dakika tano. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa barua-pepe huonekana mapema: ni ritifaa moja tu katika neno "ng'ambo", iliyofika ikiwa herufi tatu zisizoeleweka. Anayeiona na kuipuuza asishangae msimu wa wageni ukifika na jina kwenye barua ya makubaliano likawa halilingani na lililo kwenye pasipoti.